Nyuma ya Karatasi za Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mkunga. Kwa zaidi ya miaka thelathini alizalisha wanawake wa mji wa Mwanza na wa vijiji vya kando ya ziwa, Waislamu kwa Wakristo. Walikuwamo Wasukuma, Wakerewe, Wahaya waliovuka kwa meli kuja kufanya biashara, na sisi watu wa mjini ambao ukituuliza kabila tunaanza kutaja bibi wa Tabora na babu wa Ujiji. Wengi walitoka salama mikononi mwake. Wale waliofariki aliwatungia utenzi.

Kila marehemu alikuwa na karatasi yake. Shangazi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na babu yangu, tena upande mmoja tu wa karatasi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anapoteza upande wa pili. Alinijibu, "Hawa wamekufa peke yao, baba. Nisimlaze mmoja mgongoni kwa mwenzake."

Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya mfungo, mabinti na dada za wale marehemu walikuja kwetu. Walikaa ukumbini kwenye mkeka, wakanywa kahawa ya tangawizi, na shangazi akatoa mfuko wake wa kitambaa cha marekani na kumsomea kila mmoja karatasi ya mtu wake. Wakristo nao walikuja, wengine siku hizo hizo, wengine siku yoyote waliyopata nafasi. Wengi hawakuwa na picha ya mama zao. Walichokuwa nacho ni ile karatasi.

Kisha macho ya shangazi yakaanza kuingia ukungu. Mwaka nilipoanza darasa la kumi na mbili, miaka michache kabla ya Uhuru, alikuwa hawezi tena kusoma mwandiko wake mwenyewe. Aliniita Jumamosi moja nilipotoka shule, akaniwekea ule mfuko mapajani.

"Wewe una herufi zote mbili," aliniambia. "Za chuo cha Kurani na za Kizungu. Ninakilie hizi kwa Kizungu, ili hata mtoto wa watu aliyesoma darasa la nne aweze kujisomea. Nikifa zisife."

"Nitamaliza kabla ya Krismasi, shangazi."

"Usiwe na haraka. Usikosee tu."

Ni kweli kwamba nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyezijua herufi zote mbili. Baba alijua za Kiarabu peke yake. Wadogo zangu walikuwa wamepelekwa shule moja kwa moja bila kupita chuoni. Kazi ile ilikuwa yangu, na nilifurahi kupewa. Nauandika ukweli huu ili mtu asije akadhani sikuelewa nilichokabidhiwa.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, juu ya mawe, na ziwa lilionekana kupitia madirisha ya upande mmoja. Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Siku ya kwanza alichora mstari wa chaki kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi wa pili, akaukata vipande saba. Kila kipande kilikuwa kipindi. Kulikuwa na kipindi cha kale, cha mashujaa na watawa, ambacho lugha yake hata Waingereza wenyewe wanafundishwa kama lugha ya kigeni. Kulikuwa na kipindi cha malkia na michezo ya kuigiza, kisha cha ugomvi wa dini, michezo ilipofungiwa. Kilifuata kipindi cha akili na nywele za bandia, halafu kipindi cha washairi waliotembea milimani wakililia maua. Baadaye kikaja cha viwanda na riwaya nene, na mwisho hiki chetu, baada ya vita.

"Jueni kipindi kwanza," alituambia. "Mkijua kipindi, shairi lolote nitakalowapa mtajua pa kuliweka."

Tulimpenda kwa hilo. Vitabu vya mashairi vyenyewe vilikuwa vichache, kimoja kwa vijana sita, na Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Lakini vipindi tuliviweza. Tulivikariri kama tulivyokariri nasaba za machifu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, sifa tano za kila kipindi. Jioni tulipokuwa tunafua nguo bombani, mmoja aliuliza kwa sauti, "Kipindi cha nne!" na wengine tukajibu sifa zote tano bila kuvuta pumzi. Ungeweza kusema kwamba kipindi cha tano ni cha hisia, maumbile na mapinduzi, hata kama hujawahi kusoma shairi lake moja mpaka mwisho. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote, na mashairi niliyosoma mpaka mwisho hayakuzidi moja kwa kila kipindi.

Sasa kulikuwa na sheria ya madaftari. Hukupewa daftari jipya mpaka upeleke la zamani likiwa limejaa, mwalimu alikague, aweke sahihi. Mimi nilikuwa na tabia ya kuandika vipindi upya kila wiki, kwa mwandiko mzuri zaidi, na mwalimu akaona ninapoteza karatasi. Alikataa kuweka sahihi. Muhula wa mwisho ulipoanza sikuwa na pa kuandika, na mtihani ulikuwa umekaribia. Tulikuwa tunaambiwa kila siku kwamba atakayefaulu vizuri ataingia ofisi za serikali, na kwamba ofisi hizo karibu zitakuwa zetu.

Mfuko wa shangazi ulikuwa kwenye sanduku langu bwenini. Nilikuwa nimenakili karatasi tatu. Nilipofungua nichukue ya nne, niliona upande wake wa nyuma, mweupe, safi.

Nilianza kwa penseli. Nilijiambia nitafuta nikimaliza. Kipindi cha malkia na michezo ya kuigiza nilikiandika nyuma ya mwanamke wa Igoma aliyefariki na mapacha wake. Kipindi cha akili kilikaa nyuma ya mke wa mshona viatu. Baada ya wiki mbili penseli ilikwisha nikaendelea kwa wino. Mwezi wa mwisho nilikuwa nimejaza mfuko mzima, na hata zile tatu nilizonakili mwanzoni nilikuwa nimezifunga pamoja na zile nyingine, na nakala zake zilikuwa kwenye daftari langu la zamani lililojaa, ambalo nalo nililifunga humo humo.

Siku moja mwalimu alitueleza habari za mashairi ya kipindi cha kwanza. Alisema mengi yalibaki katika nakala moja moja tu, zilizohifadhiwa na watawa, na baadhi ziliungua au kuliwa na wadudu, na hakuna mtu duniani leo anayejua zilisema nini. Alikohoa, akatazama nje. Nilimwonea huruma. Niliandika maneno yake yote, na niliyaandika nyuma ya karatasi ya shangazi. Sikuona kitu.

Shule yetu ilikuwa na desturi. Siku ya mtihani wa mwisho, alasiri, vijana wa darasa la kumi na mbili walibeba madaftari yao mpaka kwenye mawe ya ziwani wakayachoma. Tuliita kuchoma miaka. Walimu walijua na walijifanya hawajui. Tulicheza, tuliimba nyimbo za kuwakejeli viranja, na kila mtu alitupa vyake motoni akitaja somo alilolichukia zaidi.

Ilipofika zamu yangu, rafiki yangu wa kitanda cha jirani, Mhaya mmoja mcheshi aliyezoea kumtania kila mtu, alininyang'anya bunda langu ili alihesabu. Akaona mwandiko wa upande wa pili.

"Jamani! Njooni muone! Huyu bwana kafaulu kwa hirizi!"

"Lete hapa," nilisema.

"Kumbe ndiyo maana kipindi cha nne hakimpotei! Karatasi zimesomewa!"

Mwingine akadakia, "Muulizeni mganga wake anaitwa nani, na sisi twende!"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nilicheka nao. Ningeweza kusema ni mashairi ya shangazi yangu, nipeni. Yalikuwa maneno machache sana. Lakini nilifikiria watauliza mashairi ya nini, na ningejibu ya wanawake waliokufa wakijifungua, na wangecheka zaidi, mimi mwenye Kiingereza kuliko wote. Nilimnyang'anya bunda, nikalirusha motoni kwa mkono wangu, nikapiga kelele jina la somo la hesabu. Walinishangilia. Karatasi zile zilikuwa nene, zilichelewa kushika moto, na nilikuwa na muda wa kutosha kuzitoa. Nilisimama nikizitazama mpaka zilipojikunja.

Nilifaulu. Fasihi ya Kiingereza ilikuwa alama yangu ya juu. Nikapata kazi bomani, dawati langu mwenyewe na mhuri wangu mwenyewe, na baba akanisindikiza siku ya kwanza akiwa amevaa koti. Shangazi aliuliza karatasi zake mara mbili tatu. Nilimwambia bado nanakili. Nilimwambia mwandiko wa wino wa zamani unanichelewesha. Alisema, "Usiwe na haraka," na kwa sababu alikuwa haoni tena kabisa, sikulazimika hata kuupanga uso wangu.

Wageni wake walipokuja kabla ya mfungo, aliwapa kahawa na kuwaambia wasubiri, kijana wake yuko kazini anazitengeneza vizuri. Mwaka wa kwanza walisubiri. Mwaka wa pili walikuja wachache.

Wiki chache kabla ya Uhuru, mji mzima ukiwa unashona vitambaa vya kijani na vyeusi, alikuja mwanamke kutoka Butimba. Alikuwa mke wa fundi mwashi, mwenye umri wa kunizidi miaka kumi hivi. Mama yake alikuwa muuza dagaa wa ufukweni, mmoja wa marehemu wa shangazi. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili na mimi nilikuwa nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekujua kwa miguu. Unaburuza kama mama yako."

Yule mwanamke alicheka, akaketi. Alisema amejiunga na kisomo cha watu wazima, sasa anaweza kusoma herufi za Kizungu. "Kila mtu anashona nguo ya Uhuru," alisema. "Mimi nataka niwe na maneno ya mama. Nijisomee, niwafundishe mabinti zangu."

Shangazi akageuka upande wangu. Nilimwona anavyofurahi. "Baba, lete daftari. Msomee dada yako."

Niliingia chumbani. Nilikaa kitandani. Sikumbuki nilikaa kwa muda gani, lakini nilisikia vikombe vikijazwa mara ya pili. Nilichukua daftari tupu la ofisini. Kuhusu yule muuza dagaa sikukumbuka hata neno moja. Nilikumbuka umbo la utenzi wa shangazi, mizani nane kila mstari, mistari mitatu yenye kina kimoja, na mstari wa nne unaorudi kwenye "za" kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hayo nilikuwa nayo. Na nilikuwa na kipindi cha tano chote kichwani, sifa zake zote. Nikaandika beti nne, nikatoka nje nikasoma kwa sauti nzuri. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Ulikuwa ua zuri
lililochanua shwari,
ikaja baridi, shari,
likafia kwenye kiza.

Yule mwanamke alianza kulia kabla sijamaliza. Alijifuta kwa upande wa khanga, akasema, "Ua. Mama yangu." Akaomba nimwandikie. Nikamwandikia kwenye karatasi ya serikali, kwa mwandiko wangu wa mtihani. Aliibusu ile karatasi, akaikunja ndani ya khanga, akaaga. Shangazi alimwitikia kwa heri. Zaidi ya hapo hakuwa amesema neno tangu nilipoanza kusoma.

Tulisikia hatua zake mpaka zikaisha.

"Yule alikuwa nani?" shangazi aliuliza.

"Nani, shangazi?"

"Huyo uliyemsoma. Ua. Vina umeviweka, mizani umeijaza. Lakini yule mwanamke nilimjua miaka kumi na miwili. Alikuwa mbishi, na alikuwa na jino moja jeusi hapa mbele. Alimpiga askari wa soko kwa kopo la dagaa. Ua lilitoka wapi? Na hiyo baridi, ya Mwanza hii?"

Nililifunga lile daftari la ofisini.

"Ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Zote?"

"Zote, shangazi."

Nikamweleza. Daftari, sahihi, penseli, wino, wenzangu ziwani. Sikumficha hata ile habari ya hirizi. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kitupu.

"Ulikuwa unasoma nini, nyuma yao?"

"Historia ya fasihi ya Kiingereza. Vipindi vyake."

"Na ulifaulu?"

"Nilifaulu."

"Alhamdulillahi," alisema. Hakusema kwa kejeli. Angekuwa ananikejeli ningeweza kuvumilia.

Aliweka kikombe chini, akanipa amri moja. "Mimi sikulipizi kisasi. Lakini yule binti ameondoka hapa na mama asiye wake. Kesho uende Butimba umwambie. Hayo mengine tutazungumza."

Nilikwenda. Sikwenda kesho yake, nilikwenda baada ya siku nne. Nilimkuta uani anakaanga vitumbua. Aliponiona aliinuka akaniita mwandishi, akanishika mkono akaniingiza ndani kabla sijamaliza salamu. Karatasi ya serikali ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa uji, mahali ambapo watu wengine waliweka kalenda. Mabinti zake wawili walisimama wakaghani beti zote nne bila kutazama. Mdogo alikosea mstari mmoja, mkubwa akamkanyaga mguu, na mama yao akacheka huku machozi yakimtoka.

"Umenirudishia mtu," aliniambia.

Nilikula vitumbua vitatu. Nikasema nimekuja kuwasalimu tu. Nikarudi.

Shangazi alikuwa ananisubiri barazani. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Alisema nini?"

Hilo sikuwa nimelitayarisha. "Alisema amekusamehe, shangazi."

"Anisamehe mimi?" Aligeuza uso wake ule usioona. "Kwa lipi?"

Nilisema kitu, sikumbuki ni kitu gani. Kisha akasema, "Haya," na sikujua wakati ule, na sijui hata sasa, kama aliniamini au alichoka.

Usiku wa Uhuru sikwenda uwanjani na wenzangu wa ofisini. Sitaki hili lionekane kama toba. Sikwenda kwa sababu shangazi alikuwa na homa na baba aliniagiza nibaki. Tangu wiki ile mpaka alipofariki, mwaka uliofuata, kila Jumapili nilikaa naye na daftari, akijaribu kukumbuka. Wengine aliwapata utenzi mzima, wengine beti mbili, wengine jina tu na ugonjwa. Mara nyingi aliniambia, "Andika hivi," kisha akasema, "Hapana, huyo ni mwingine. Futa." Aliyekuwa akiingiza kitu asichokuwa na hakika nacho kwa ajili ya kujaza pengo ni mimi, na kila mara alinishika. "Acha wazi," aliniambia. "Pakiwa wazi mtu atajua palikuwa na kitu."

Daftari lile ninalo. Kurasa nyingi zina nafasi tupu zaidi ya maandishi.

Yule mwanamke wa Butimba naye ameshafariki. Nilihudhuria mazishi yake. Mkwe wake alisimama akasoma beti za ua, na waombolezaji wakazisifu, na mtu mmoja wa chuo cha ualimu akaniuliza kama najua mtunzi. Nilimwambia ni marehemu shangazi yangu. Uongo huo nao ni wangu, na ulikuwa miaka mingi baada ya ujana kuisha, hata siwezi kusingizia utoto.

Nimeandika haya kwa ajili ya wajukuu wa muuza dagaa, walio wengi sasa, na ambao nimeambiwa bado wanaufundishana ubeti ule. Ubeti ule ni wangu. Niliutunga kitandani kwa woga, kutoka kwenye somo la shule kuhusu nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Bibi yenu hakuwa ua. Jumapili moja, mwezi mmoja kabla hajafa, shangazi alikumbuka kwamba bibi yenu alishikwa na uchungu siku yenye wingu, akiwa ameanika mzigo wake wa dagaa kwenye mawe ya ufukweni, na kwamba mpaka mwisho alikuwa anagombana na shangazi kuhusu mzigo huo. Shangazi aliyaweka maneno ya bibi yenu vilevile kwenye utenzi. Mstari wa tatu tuliutafuta mpaka alipochoka, hatukuupata, na nimeacha wazi.

Mvua yaja, majirani,
dagaa zangu juani,
. . . . . . . . . . . . . .
nani ataziingiza?